Maswali Yenu: Kinaa Ihubiriwe kwa Nani?

Toleo lililopita niligusia kinaa kama masufi, wale Waislamu wanaoshughulika na kusafisha moyo, wanavyoifundisha, yaani mtu kuridhika na fungu lake bila roho kuranda kwenye fungu la mwenzie, nikasema hata mtaa unafaidika wakiwepo watu wa namna hiyo. Basi meseji zimemiminika. Wapo waliofurahi, wapo waliokuja juu, na mmoja kaniita wakala wa matajiri eti nawabembeleza maskini walale. Huyo majibu yake yamo humu humu, atayaona mwenyewe. Nimechukua nane, zile ndefu nimezipunguza na majina nimeyatoa.

SWALI: Mwalimu, assalaam aleikum. Mimi nauza chipsi hapa Tanga, biashara namshukuru Mungu inakwenda, sasa nataka kufungua banda la pili kule upande wa stendi. Jamaa yangu tunayeswali nae ananiambia hiyo ni tamaa, mawalii walikuwa wanakula tende na maji wanalala, mimi nishapata banda moja nataka la nini jingine. Toka aniambie sina raha. Hivi mwenye kinaa haruhusiwi kukua?

JIBU: Waaleikum salaam. Banda fungua, tena Mungu akutilie baraka kwenye viazi na kwenye mafuta.

Huyo jamaa yako kashika nusu ya habari. Kuna kisa masufi wanakisimulia sana cha watu wawili wa Balkh, mji uliopo Afghanistan ya leo. Shaqiq al-Balkhi alikuwa mfanyabiashara, akiwa safarini akamwona ndege kavunjika bawa yuko jangwani peke yake, mara kaja ndege mwingine mzima ana chakula mdomoni akamlisha yule mgonjwa. Shaqiq akasema loh, anayemruzuku huyu hapa porini hatoshindwa kuniruzuku mimi, akaacha biashara akarudi zake kufanya ibada. Ibrahim bin Adham alipomsikia akamwuliza swali moja tu, kwa nini umetaka kuwa yule ndege mgonjwa, kwa nini usiwe yule mzima anayemlisha mwenzie? Inasimuliwa Shaqiq alimbusu mkono.

Na ni hao hao wawili wanaotajwa kwenye kisa kingine, wasimulizi wengine huwageuza nani alisema nini lakini maneno ni yale yale. Mmoja aliulizwa nyinyi huko mnaishije, akajibu tukipata tunashukuru na tukikosa tunasubiri. Mwenzie akamwambia hivyo ndivyo wanavyofanya mbwa wa Balkh! Sisi tukikosa tunashukuru na tukipata tunampa mwingine. Sasa huwezi kumpa mwingine kama umekaa kibarazani unangoja ndege.

Mwangalie pia Ibn Ata'illah wa Iskandaria aliyefariki mwaka 1309. Alikuwa msomi wa sheria, alipokutana na sheikh wake Abul Abbas al-Mursi wa tarika, yaani njia ya kisufi, ya Shadhiliyya, moyo ukamwambia aache masomo na shughuli zake ili afuatane na sheikh vizuri. Sheikh akamkatalia, akamwambia baki pale Mungu alipokuweka, fungu lako la kupitia kwetu litakufikia hapo hapo. Baadaye mwenyewe akaja kuandika kwamba mtu kutaka kuacha kazi ilhali Mungu kamweka kwenye kazi, hiyo nayo ni tamaa, ila imejificha. Mwambie jamaa yako hilo, kwa upole lakini.

Ukitaka kujipima kama kinaa unayo au huna, idadi ya mabanda haitakwambia kitu. Jipime kwenye karai. Mafuta yakishakuwa meusi yanatoa povu na moshi, mkono unayamwaga au unaongezea kidogo juu ili yasogee mpaka kesho? Pale stendi kuna mama anauza chipsi tayari, unamfungulia hatua mbili mbele yake au unasogea kidogo na yeye apate wateja wake? Mtaji umeutoa wapi, maana kama ni mkopo wa kausha damu, ule wa riba kubwa, hapo nitakuambia ngoja kwanza, haraka ya nini. Na yule kijana utakayemweka banda la pili utamlipa nini? Ukijibu hayo ukajiona uko sawa, basi wewe ni sufi kuliko anayekula tende halafu anamhesabia mwenzie mabanda.

Huko Senegali kuna Wamouride, wafuasi wa Sheikh Amadou Bamba aliyefariki 1927. Wafaransa walimhamisha wakampeleka Gabon mwaka 1895 akakaa huko miaka kama saba, wakaja kumpeleka Mauritania tena, maana waliogopa umati uliokuwa unamfuata, na hakuwa na jeshi. Mji wake wa Touba aliuanzisha 1887 na leo ni katika miji mikubwa ya nchi ile. Watu wake wanajulikana kwa kazi. Kazi kwao ni sehemu ya ibada, utawakuta wanauza mikoba na miwani kwenye mitaa ya Paris na Roma na New York, kila mji wana kikundi chao wanakiita dahira, wanachanga, wanasomeana, mgonjwa anahudumiwa, maiti inarudishwa nyumbani. Ni watu wanaoishi kidogo ili watume kingi. Hapo nani atasema kinaa inaleta uvivu?

SWALI: Mimi mstaafu wa Bagamoyo. Najitahidi kuridhika lakini roho inakataa. Kwani ridhaa ni ya kujitahidi au Mungu anampa amtakaye?

JIBU: Mzee wangu shikamoo. Swali lako hili waliligombania zamani hizo. Masufi wa Khurasan walisema ridhaa ni daraja, mtu anaipanda kwa juhudi baada ya kushika tawakuli, yaani kumtegemea Mungu, na wale wa Iraki wakasema hapana, ni hali inayoteremka moyoni, huwezi kuichuma. Al-Qushayri wa Nishapur aliyefariki 1072 akawapatanisha, kwamba mwanzo wake ni juhudi ya mja na mwisho wake ni kipaji. Kwa hiyo wewe fanya ya mwanzo. Roho kukataa si dalili mbaya, ingekubali kirahisi ningekuwa na wasiwasi zaidi.

Bibi Rabia wa Basra aliulizwa lini mja anakuwa ameridhika, akasema pale msiba unapomfurahisha kama inavyomfurahisha neema. Hiyo ni ya kina Rabia. Sisi wengine tuanze na kutolalamika mpaka chai ishuke.

SWALI: Mwalimu mimi ni dada wa kazi hapa Mombasa. Bosi wangu ni mtu wa dini, hakosi msikiti. Mshahara wa miezi mitatu hajanipa, nikimwuliza ananiambia dada, dunia mapito, ridhika, hapa unakula unalala bure unataka nini tena. Juzi kanitumia video ya mawaidha ya subira. Naona aibu kudai tena nisije nikaonekana napenda dunia. Nifanyeje?

JIBU: Dada yangu, dai pesa yako leo.

Hapa naomba niende taratibu kidogo kwa sababu ndipo mahali watu wanapoiharibia kinaa jina. Masufi walipozungumza habari ya kinaa walikuwa wanajisemesha wenyewe, mtu anaibana nafsi yake mwenyewe na kuikatia tamaa yake mwenyewe. Ghazali, yule mwanachuoni mkubwa wa kisufi, aliyeacha kazi yake kubwa kabisa ya ualimu Baghdad mwaka 1095 aliacha kiti chake, hakuwaambia wapagazi wa mjini waache ujira wao. Ukiona mtu ana haki yako mfukoni halafu anakufundisha kuridhika, huyo anatetea mfuko wake, na dini kaifanya kitambaa cha kufunika.

Huyo huyo Ghazali kaandika wazi kwamba kuridhika na kadari hakumzuii mtu kumwomba Mungu amwondolee shida, wala hakumzuii kuchukia uovu na kuuhama. Yaani unaweza ukawa na moyo uliotulia kabisa na mguu uko njiani kwenda kudai. Tena mtu wa namna hiyo anadai vizuri zaidi maana hana matusi wala hatetemeki.

Sasa upande wa haki yenyewe. Kwenye Bukhari kuna hadithi Mungu anasema watu watatu atakuwa hasimu wao siku ya Kiama, na mmoja wao ni aliyemwajiri mtu akamtumikisha akamaliza kazi yake halafu asimpe ujira. Hasimu wake Mungu, fikiria! Na kuna siku mtu alikuja kumdai Mtume deni lake kwa maneno makali, maswahaba wakataka kumshughulikia, Mtume akawaambia mwacheni, mwenye haki ana la kusema. Akaagiza alipwe ngamia, na kilichopatikana kilikuwa bora kuliko kile alichokopesha, akasema mpeni hicho hicho. Kwa hiyo hiyo aibu unayoiona wewe imekosea mlango, inatakiwa igonge chumba cha bosi.

Na hapa pwani tunao ushahidi wetu. Sheikh Ramiya wa Bagamoyo, jina lake Yahya bin Abdallah, aliletwa mtoto mdogo kutoka Manyema huko Kongo akiwa mtumwa. Wangesema kinaa ni kukaa ulipowekwa angekufa mtumwa. Alisoma, akaja kuwa sheikh mkubwa wa tarika ya Qadiriyya, ziara yake ikajaza watu Bagamoyo, na 1916 Waingereza wakamfanya liwali wa mji ule ule alioingia hana kitu. Alifariki 1931. Zile tarika zilishika sana mwambao wetu miaka ile kwa sababu kwenye halaka, yaani duara, ya zikri mtumwa na mwana wa bwana wanashikana mikono, pumzi moja, na anayeongoza ni mwenye elimu na uchamungu, hawaulizi baba yake nani. Watu waliokuwa hawahesabiki mjini wakawa makhalifa, yaani manaibu wa masheikh. Hiyo nayo imo kwenye kinaa, maana aliyekinai haogopi mtu na hababaiki na cheo cha mtu.

La kufanya: andika miezi na kiasi ulichoahidiwa, mwambie mbele ya mtu mzima wa nyumba, mama mkwe au kaka yake, kwa adabu, kwamba unaomba ujira wako kwa tarehe fulani. Akipiga danadana nenda kwa imamu wake maana umesema hakosi msikiti, na ikishindikana kuna afisi ya leba. Ukishalipwa na ukataka kumsamehe usumbufu msamehe, hapo sasa ndiyo subira yako.

Na wewe bosi kama unasoma hapa, ile video itazame wewe.

SWALI: Mimi mjumbe wa kamati ya msikiti, Ujiji. Kila Idd ya kuchinja na kila tukigawa zaka wanaokuja kwenye foleni ni wale wale, wengine tunajua wazi wana hali nzuri. Wenye shida kweli hawaji, wanaona haya. Wenzangu wanasema asiyekuja hana shida. Mwalimu unasemaje?

JIBU: Hili ndilo swali nililolipenda kuliko yote.

Wenzako wamekosea na aya wanayo. Surat Hajj aya ya 36, kwenye nyama ya kuchinjwa hiyo hiyo, tunaambiwa tule na tuwalishe watu wawili. Wa pili ni yule anayejitokeza kuomba, na wa kwanza, kwa wafasiri wengi, ni mwenye kinaa anayekaa kimya na alichonacho. Katangulizwa asiyekuja kwenye foleni! Nenda tena Baqara 273, kuna mafakiri ambao asiyewajua anawadhania ni matajiri kwa jinsi wanavyojizuia, hawaombi watu kwa king'ang'anizi. Na Mtume kasema maskini si huyu anayezunguka kwa watu akirudishwa na tonge moja na tonge mbili, maskini ni yule asiye na cha kumtosha na wala hajulikani akapewa, wala hasimami akaomba.

Kwa hiyo kinaa ya maskini inawatia kazi nyinyi. Yeye kaamua kufunga mdomo, basi jamii ndiyo ifungue macho, bila hivyo watu wenye heshima zao mtawaua kwa njaa na pembeni mnasema mtaa huu hauna maskini. Hapa ndipo ninapotofautiana na wanaosema usufi ni mambo ya mtu na moyo wake peke yake. Mmoja akikinai, jirani anapata wajibu.

Mtawapataje? Alama zipo. Muulizeni mwenye duka. Yule mwenye duka la mtaa ana daftari lake la kamba, kila ukurasa jina, na ukisoma utajua mengi, nyumba iliyokuwa inachukua kilo ya sukari sasa inachukua robo, iliyokuwa inachukua mafuta ya lita sasa wanapimiwa kwenye kikopo, na deni halisogei toka mwezi ule baba alipoachishwa kazi. Muulizeni mwalimu wa madrasa nani mwanawe anakuja na kanzu ya mwaka juzi imemfika magotini. Muulizeni mama anayeuza maandazi. Hao watatu wanajua kuliko kamati nzima, samahani lakini ndiyo ukweli.

Na kuwapa msiwape kwenye foleni. Uturuki kuna desturi inafanywa mpaka leo mwezi wa Ramadhani, mtu anaingia duka la mtaa asiojulikana, anaomba daftari la madeni, analipa kurasa kadhaa na kuondoka, mdeni hajui kalipiwa na nani na mlipaji hajui kamlipia nani. Fanyeni hivyo hivyo kwa sehemu ya zile pesa, ila zaka ina masharti yake kwa hiyo upande huo pateni kwanza kauli ya sheikh wenu, sadaka ya kawaida haina tabu. Ali Zaynul Abidin, mjukuu wa Sayyidna Ali, alikuwa anabeba magunia ya unga mgongoni usiku Madina na kuweka kwenye milango ya watu. Hawakumjua mpaka alipokufa, unga ukakoma, na waosha maiti wakakuta alama nyeusi mgongoni.

Wale wenye hali nzuri kwenye foleni msiwafukuze kwa kelele. Nyama kidogo wapeni, siku hiyo ni ya kula. Ila mafungu mengine yawe yashatoka usiku kabla.

SWALI: Niko Maskati, nyumbani Unguja. Mdogo wangu anaolewa na kila siku natumiwa madai mapya, mara ukumbi ubadilishwe, mara mama wa bwana harusi kaona video ya harusi ya fulani. Mie mshahara wangu haufiki huko na nikisema naambiwa nimekuwa bahili toka nilipofika Uarabuni. Kinaa ndiyo nini hapo?

JIBU: Pole mwanangu. Hapo hujaulizwa wewe tu, nyumba nzima mmeulizwa, maana tamaa ya harusi ni ya ukoo na kinaa yake lazima iwe ya ukoo. Mtu mmoja akijibana peke yake anaonekana bahili, lakini akijibana yule mwenye uwezo kuliko wote, basi wote kumi wa chini yake wanapumua. Ndiyo maana mimi nawasema matajiri wa mtaa kwanza. Tajiri akifanya harusi ya ukumbi wa mamilioni haharibu pesa zake tu, anapandisha bei ya kuoa kwa vijana wote wa pale.

Mwambie mama akumbuke maulidi. Unaijua ile baada ya kisimamo, masinia yanapotoka, watu wanakaa wanne au watano kwenye sinia moja la pilau, nyama imewekwa katikati juu. Hapo hakuna sahani ya mheshimiwa. Adabu ni kula cha mbele yako, na ukitazama mikono utaona wazee wanachofanya, anamega ile nyama kubwa, hali, anaisukuma kwa kidole upande wa mtoto au wa mgeni, halafu anaendelea na wali wake kama hajafanya kitu. Naye mgeni anairudisha nusu. Unaweza ukakuta sinia limebaki na kipande kimoja wanakisukumiana mpaka mtu aje kuondosha. Hiyo hakuna aliyewasomea darsa siku ile, mkono umejifunza toka utotoni. Masufi wanaiita ithari, kumtanguliza mwenzio, na wanamtaja sana Abul Husayn an-Nuri wa Baghdad karne ya 9 ambaye walipopelekwa kuuawa yeye na wenzie alitangulia mbele ya mnyongaji ili wenzie wapate kuishi dakika chache zaidi. Mnyongaji alishtuka, kesi ikarudishwa kwa kadhi, wote wakaachiwa.

Kwa hiyo taja kiasi chako mara moja, kitume chote pamoja, na sema ni cha kumtengenezea bibi harusi maisha, ukumbi watajua wao. Wakikununia watanuna. Na hizo video za harusi za watu usizifungue usiku.

SWALI: Mnasema kinaa halafu masheikh wa tarika wanatembelea magari na kubusiwa mikono. Huo si unafiki?

JIBU: Wengine ni unafiki, ndiyo, na anayekamua wafuasi wake kwa jina la baraka sina wa kumtetea. Lakini nguo na gari peke yake havikuambii kitu. Abul Hasan ash-Shadhili, mwenye tarika ya Shadhiliyya, mwenyewe alivaa vizuri, inasimuliwa fakiri mmoja aliyevaa magunia akamlaumu, akamjibu nguo zangu zinasema alhamdulillah, zako zinawaambia watu nipeni. Mchunguze sheikh akinyimwa, hapo utamjua.

SWALI: Kijana wa chuo, Morogoro. Sina sheikh, naishi hosteli, nataka kuanza. Nianzie wapi?

JIBU: Anzia kwenye simu, sitanii. Mtume kasema tazameni aliye chini yenu msimtazame aliye juu yenu, hivyo ni bora msije mkaidharau neema ya Mungu kwenu, na sisi tumejitengenezea kidude cha kumtazama aliye juu kutwa nzima. Toa wale watu ambao kila ukiona stetasi zao unalala na kijiba. Huwachukii, unawapumzisha.

Usiku kabla hujalala jihesabu, leo nimetaka nini ambacho jana sikukihitaji, nani kanitia wivu, nimemnyima nani. Harithi al-Muhasibi wa Baghdad, aliyefariki 857, hata jina lake alilipata kwa kujihesabu huko. Dakika tano zinatosha, usiigeuze kuwa mateso.

Kisha punguza kuombaomba. Kuna maswahaba walimpa Mtume ahadi wasimwombe mtu chochote, ikawa mmoja wao akiwa juu ya mnyama mjeledi ukimwanguka anashuka mwenyewe kuuokota, hamwambii mtu nipatie. Kwako wewe mjeledi ni nini? Nikopeshe bando, nisogezee maji, nifulie na mimi, niachie soksi. Jaribu wiki uone utakavyokuwa mwepesi, na wenzio wa chumba watakavyokupenda. Ila ukiumwa sema, na ukiishiwa chakula sema, hapo kunyamaza ni kujidhulumu na kuwatia wenzio dhambi.

Ukipata msikiti wanaposoma Ratib al-Haddad, ule uradi wa dua na zikri, baada ya swala ingia ukae, ni dakika chache na huulizwi kadi. Sheikh ataonekana mbele ya safari.

SWALI: Mwalimu, mke wangu anataka friji. Mimi nimemweleza habari ya zuhdi, yaani kuipa dunia mgongo, na kwamba mabibi zetu waliishi na mtungi na maji yalikuwa baridi. Hanielewi. Nimwelezeje avielewe hivi vitu? Nakuandikia kwa simu yangu mpya kamera yake safi sana, nitakutumia picha ya mtungi.

JIBU: Nunua friji.